Nani Amemtuma Huyu?

Leo tuiache bei ya mahindi na tuiache mvua. Nataka tuzungumze juu ya mtu aliyeua kwa ngao.

Si kwa mkuki, si kwa bunduki. Kwa ngao. Waliotazama wameshajua ninakoelekea: ni season ya The Falcon and the Winter Soldier, sehemu ya 4, iliyotoka tarehe 9 Aprili 2021. Miaka imepita, lakini kaa kwenye kijiwe chochote cha bodaboda hapa Tarime mjini, au kule Mugumu karibu na stendi, ulitaje jina la John Walker, uone kama kuna atakayenyamaza. Kwa ambao hawakutazama nitaeleza kisa, maana kesi haisikilizwi bila maelezo.

Captain America wa kwanza, Steve Rogers, amezeeka na kustaafu. Ngao yake, ile ya duara yenye nyota katikati, amemwachia rafiki yake Sam Wilson, mwanamume Mweusi anayeruka kwa mabawa ya kutengenezwa, ndiye Falcon. Sam anauona mzigo ni mzito. Anaipeleka ngao makumbusho. Serikali ya Marekani inaitoa kule makumbusho na kumkabidhi askari mwingine, huyo John Walker, mtu aliyepewa mara 3 medali ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi lao. Mwisho wa sehemu ya 1 anatokea na sare mpya, ameshika ngao, anakonyeza jicho. Mashabiki wengi duniani walimkataa hapohapo. Mwigizaji wake, Wyatt Russell, aliifanya kazi yake vizuri mno, maana kumfanya mtu achukiwe kwa kukonyeza tu si jambo dogo.

Twende sehemu ya 4. Tuko Riga, mji wa Latvia. Walker yuko na rafiki yake wa jeshini, Lemar Hoskins. Wanawasaka vijana waliokunywa dawa ya nguvu, kiongozi wao msichana anaitwa Karli Morgenthau. Walker naye anaipata chupa moja ya dawa ile, anaificha, kisha anainywa kimyakimya. Unatokea ugomvi. Karli anampiga Lemar, Lemar anarushwa kwenye nguzo ya mawe, anakufa. Walker anapagawa. Anaruka dirishani, anamfukuza kijana mmoja wa kundi la Karli, Nico, anamwangusha katikati ya uwanja wa mji. Nico amelala chali, anasema si yeye aliyeua. Walker anainua ngao kwa mikono miwili na kumshindilia, tena na tena. Akisimama, watu wamemzunguka na simu juu, wanarekodi. Kamera inashuka polepole mpaka kwenye ngao. Ina damu.

Hapo sehemu inaisha. Nakwambia ukweli, sijaona mwisho mwingine wa season za mashujaa uliogombanisha watu kiasi kile.

Sasa, huku kwetu mambo haya yanatufikiaje? Kampuni yenye season hiyo, Disney, ilikuwa haijaileta Tanzania huduma yake ya kutazama kwa kulipia. Kwa hiyo mlango wa mbele ulikuwa umefungwa. Watu wakaingilia dirishani: duka la kuingiza movie, flashi, kadi ya simu, na baadaye kibanda umiza. Hilo la hakimiliki nalijua, na wenzetu wa COSOTA wana haki ya kununa. Lakini siwezi kusema habari za mashabiki wa Sirari au Nyamongo kana kwamba walikaa sebuleni na rimoti. Wamekaa kwenye benchi la mbao, mabati juu, joto, na mbele yao skrini moja ambayo siku ya Jumamosi ni ya Simba na Yanga.

Halafu kuna yule anayetafsiri. Kibanda bila mtafsiri ni nusu ya kibanda. Kazi hii ina wakongwe wake. Nchini kwetu alivuma Kapteni Derek Mukandala, wengi wakimjua kama Lufufu, mtu aliyeweza kuichukua sinema ya Hong Kong akaifanya ya Manzese. Uganda wana VJ Jingo, na wana VJ Emmie, aliyeweka sauti kwenye Who Killed Captain Alex?, sinema ya Isaac Nabwana wa Wakaliga ya mwaka 2010, ambayo watu wa Ulaya na Marekani waliitazama kwa sababu ya huyo mpiga domo kuliko risasi zenyewe. Kenya kuna DJ Afro. Mtafsiri hatafsiri maneno tu. Anamtukana adui, anampa steringi jina la mtaani, anawaambia watazamaji nani wa kumhurumia. Huku kwetu sanaa hiyo haikuja na umeme. Mpiga iritungu wa Kikurya alikuwa akiifanya zamani: kumtaja shujaa kwa jina la baba yake na la ng'ombe wake, na kumuumbua mwoga mbele za watu huku nyuzi zinalia. Aliyesifiwa na iritungu alijua kwamba mwaka kesho iritungu hilohilo linaweza kumgeuka.

Ndiyo maana nasema shabiki wa huku si mtu wa kumeza anachopewa. Anahukumu. Na kwenye kesi ya John Walker, hukumu iligawanyika, wala haikugawanyika kama kwingine.

Upande mmoja walikuwa vijana, na hoja yao ilikuwa fupi. Wamemwulia rafiki yake. Ulitaka afanyeje, aandike barua? Mura, rafiki yako aanguke mbele ya macho yako, wewe ukae? Nico alikuwa na lile kundi, alimshika Walker wakati mwenzake anauawa. Kusema si yeye ni maneno ya kila anayekamatwa. Hoja hiyo usiidharau. Katika nchi ambayo ng'ombe wameibwa usiku na damu imemwagika kwenye mpaka wa koo na koo, maneno hayo yana wenyewe.

Upande wa pili walikuwa watu wazima, na wao hata kwenye kisasi hawakuanzia. Swali lao lilikuwa: nani amemtuma huyu?

Hebu nikae kwenye swali hilo, kwa sababu ndilo lililonifanya nije studio.

Sinema za mashujaa kutoka Marekani zina mazoea yake. Mji umeshindwa, polisi wameshindwa, anatokea mtu mmoja aliyejifunika uso, anafanya kazi usiku, asubuhi watu wanashukuru. Nguvu ni yake, uamuzi ni wake. Msimulie mzee wa Nyamwaga au wa Machochwe habari hiyo, atakuuliza: na huyo anayefunika uso usiku, mnamtofautishaje na mwizi?

Ng'ombe wakiibwa huku kwetu kinachoanza ni yowe. Ukisikia yowe unatoka, hata kama umekasirikiana na aliyeibiwa. Watu wanafuata nyayo. Nyayo zikiingia kijiji cha jirani, kijiji kile kinatakiwa kuzipokea na kuzitoa upande wa pili. Zikiishia kwao, wana maneno ya kujibu, na mara nyingi wana ng'ombe wa kulipa. Utaratibu huo una malalamiko yake mengi, na umewaumiza watu wasio na hatia, wabunge wa mkoa huu wameshausemea. Lakini angalia ulivyosimama: hakuna steringi. Shujaa ni nyayo zinazofuatwa na wengi, na deni ni la wengi.

Baada ya yowe kuna ritongo. Mkutano wa hadhara, chini ya mti au uwanjani, watu wanakaa, mwizi anatajwa kwa jina mchana kweupe. Nyuma ya ritongo kuna wazee wa mila, wale wa inchama, ambao mambo yao sisi wa redio hatuyatangazi. Mpaka kijana anainua rungu, kuna watu wamekaa kitako wakakubaliana.

Kisha kuna sungusungu. Wasikilizaji wa umri wangu wanakumbuka. Jeshi la jadi lilianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, likasambaa mpaka likafika kwetu. Wakati huo wizi wa ng'ombe Tarime ulikuwa umebadilika sura. Bunduki zilikuwa zimeongezeka baada ya Vita vya Kagera, na ng'ombe walikuwa wanavushwa Kenya kuuzwa, si kwenda kutoa mahari. Polisi walikuwa wachache, na raia hawakuwaamini wote. Sungusungu wakaingia kazini, viongozi wa juu wakawatetea, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuwatambua. Kwa hiyo sisi, kabla hata ya mashujaa wa Marvel, studio iliyotengeneza season hii, kupigana wao kwa wao mwaka 2016 kwenye Captain America: Civil War kuhusu nani awape mashujaa kibali, tulikuwa tumeshalipitia jambo hilo Bungeni na kijijini.

Mpaka hapo utadhani wazee wameshinda kesi. Subiri kidogo.

Kijana mmoja kwenye ubishi wa namna hii huwa hakosekani, yule aliyetazama kila sehemu mara mbili. Naye anasema: mzee, Walker alitumwa. Tena alitumwa na serikali. Ana barua, ana sare, alipigiwa bendi. Asiyetumwa na mtu ni Sam, ambaye ninyi nyote mnampenda. Nani alimtuma Sam?

Swali hilo lina meno. Kumbuka na sungusungu wetu pia walitumwa. Walitumwa na kijiji, wakatambuliwa na sheria, na bado katika maeneo mengi ya kanda hii ya ziwa walipiga watu wasiostahili, wakatoza faini za ajabu, wakawafukuza vikongwe kwa macho mekundu. Kutumwa hakukuwazuia. Filimbi ikishapulizwa usiku, aliyetuma yuko kitandani.

Kwa hiyo swali la nani amemtuma ni zuri, ila halifiki mwisho wa njia. Linahitaji mwenzake: nani anaweza kumrudisha? Na sehemu hiihii ya 4 ina jibu, limewekwa mahali ambapo wengi walilishangilia wakapita.

Kabla ya ile damu uwanjani, wanakuja Dora Milaje, walinzi wanawake wa Wakanda. Wamemfuata Zemo, mtu aliyemwua mfalme wao T'Chaka kwa bomu. Anayewaongoza ni Ayo. Mwigizaji wake, Florence Kasumba, alizaliwa Kampala akakulia Essen, Ujerumani. Ni mtu wa ng'ambo ya ziwa letu huyo, msikilizaji, na kibandani jambo hilo husemwa kwa fahari. Walker anamwekea Ayo mkono begani, kwa ile jeuri ya mtu aliyezoea kupishwa. Kilichofuata wote mnakijua. Wale wanawake walimgaragaza, wakampokonya ngao, halafu wakamwachia. Hakuna aliyekunywa dawa yoyote kati yao. Hapo ndipo Walker alipoumia kuliko kwa ngumi zenyewe, na ndipo chupa aliyoificha ilipoanza kumwita.

Lakini kuna tendo moja dogo katikati ya vurumai ile. Bucky, rafiki wa Sam, ana mkono wa kushoto wa madini ya vibranium aliopewa na Wakanda. Anajaribu kuingilia. Ayo anamgusa mahali fulani begani, anabonyeza, mkono unachomoka na kuanguka chini. Bucky anatazama kama mtoto. Hakuwa anajua kwamba unachomoka.

Niliporudia kuitazama sehemu hii, pale ndipo niliposimamisha. Wakanda walimponya huyu mtu, wakampa mkono wenye nguvu kuliko chuma, na hawakumwambia kwamba ufunguo wanabaki nao. Wapo waliosema ni dharau. Yule mtu alishawahi kutumiwa miaka mingi kama silaha isiyo na akili yake, na sasa hata rafiki zake wamemwekea swichi. Nawaelewa. Mimi nasema Wakanda walifanya kazi ya wazee. Nguvu ikitolewa na watu, iwe na mahali pa kubonyezwa na watu haohao. Walker alipewa ngao isiyo na mahali pa kubonyeza. Baadaye Sam na Bucky walilazimika kumvunja mkono ndipo aiachie.

Na ngao yenyewe, jamani. Kwenye nembo ya taifa letu, kati ya Bibi na Bwana, kuna ngao. Imechorwa mkuki, shoka na jembe, mambo ya kushambulia na kulima yako ndani yake, imeyakumbatia. Ngao ya Mkurya ilikuwa ya ngozi ngumu, na aliyeishika alisimama mbele ili wa nyuma wapone. Kuua kwa ngao kunamchukiza mtu wa huku kabla hajajua sababu. Wale vijana waliokuwa wakimtetea Walker, angalia, wengi wao waliguna kamera iliposhuka kwenye ile nyota yenye damu. Midomo inamtetea, koo limeguna.

Nimesema Walker aliwakasirisha watu. Karli je? Hapo Sirari wana la kusema kuliko Washington.

Kundi la Karli linadai dunia isiyo na mipaka. Katika kisa, nusu ya watu duniani walipotea kwa miaka 5, mipaka ikafunguliwa, waliobaki wakahamia walikohitajika. Waliopotea waliporudi, wahamiaji wakaambiwa watoke. Ukitazama hayo ukiwa Dar es Salaam unaweza kuona ni hadithi. Ukitazama ukiwa Sirari, unatoka nje ya kibanda, unavuka barabara, uko Isebania, Kenya, na mtu unayemkuta pale anaongea Kikurya kilekile, pengine ni mjomba wako. Mstari ule ulichorwa Ulaya. Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886 kwamba uanzie mdomo wa mto Umba kule Bahari ya Hindi uje mpaka unapokutana na Ziwa Victoria kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Hawakuuliza ng'ombe wanakunywa wapi. Kwa hiyo madai ya Karli mtu wa Sirari hahitaji kufafanuliwa. Anachouliza, na wenye season walikwepa kidogo, ni kwa nini mwenye madai ya haki lazima waandishi wamfanye achome jengo lenye watu ili tusimpende. Mimi naona ni uvivu wa waandishi. Unamjengea adui hoja nzuri, halafu ukiogopa kuijibu unampa kiberiti.

Kuna kundi la tatu la watazamaji, na hawa hawakupiga kelele. Wao walingoja sehemu ya 5, iliyotoka wiki iliyofuata, tarehe 16 Aprili. Sam anakwenda Baltimore kwa mzee Mweusi, Isaiah Bradley, aliyeigizwa na Carl Lumbly. Huyu naye alichomwa dawa ya nguvu, miaka ya vita vya Korea, akapigana, akawaokoa wenzake. Malipo yake yalikuwa gereza, miaka 30, akichunguzwa mwili na madaktari. Jina lake likafutwa. Anamwambia Sam wazi kwamba mtu Mweusi anayejiheshimu hawezi kuitaka ngao ile. Kisa hicho kina asili kwenye kitabu cha katuni cha mwaka 2003, nacho kilitokana na kumbukumbu ya watu Weusi wa Marekani waliofanyiwa majaribio ya kaswende kule Tuskegee bila kuambiwa ukweli.

Huku kwetu nyumba zenye askari hazihesabiki. Tangu enzi za Mwingereza, Wakurya waliingia jeshi lake la KAR kwa wingi, na KAR ilipeleka watu mpaka Burma. Waliorudi walirudi na koti na medali, na wengi hawakurudi na zaidi ya hapo. Kisha ikaja Kagera, mwaka 1978. Vita ile tulikuwa na mashujaa wetu wenye majina ambayo Marvel wangeyalipia: Silas Mayunga aliitwa Mti Mkavu, John Walden aliitwa Black Mamba. Hao walikuwa majenerali, majina yao yameandikwa. Lakini kwa kila Mti Mkavu kuna watu wengi wa kawaida, baba zetu, waliotembea kwa miguu kutoka Mutukula mpaka Kampala mwaka 1979 na ambao leo ukiwauliza wanakuonyesha kovu, si cheti. Mzee wa namna hiyo akimwona Isaiah Bradley, hana haja ya mtafsiri. Nimeshuhudia mtafsiri mwenyewe akipunguza sauti sehemu ile, na watafsiri si watu wa kupunguza sauti.

Sehemu ya mwisho, Sam anaikubali ngao, na anamjengea Isaiah kumbukumbu ndani ya makumbusho ileile. Mzee anajiona amesimama pale katika sanamu, analia. Baadhi ya wakosoaji walisema ni ndogo mno: sanamu kwa miaka 30? Vijana wa huku walisema hivyohivyo, kwa lugha ya mahesabu: malimbikizo yake je? Nacheka, lakini ni swali halali. Sanamu hailishi.

Niseme na neno juu ya simu, kwa kuwa jina lenyewe la sehemu ya 4 kwa Kiingereza linasema dunia nzima inatazama. Watu wa Riga walimzunguka Walker na simu, hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyemshika mkono. Kuna waliolisema hilo kibandani, tena wasichana: wote wale uwanjani, hakuna hata mmoja wa kupiga yowe? Nikafikiri ni mzaha. Si mzaha. Ukipiga yowe unajifunga mwenyewe kutoka nje na kukimbia pamoja na wengine. Ukirekodi, ushahidi unao na miguu yako iko palepale. Siku hizi hata huku kwetu yowe limeanza kushindana na simu. Ajali ikitokea barabara ya kwenda Nyamongo, angalia mikono ya kwanza inakwenda wapi. Sisemi ushahidi hauna kazi. Ule wa Riga ndio uliomtoa Walker kazini: aliitwa mbele ya wakubwa, akavuliwa cheo na marupurupu. Akawaambia, kwa uchungu na kwa ukweli, kwamba wao ndio waliomtengeneza. Kijana wetu wa kutazama mara mbili anaipenda sana sentensi hiyo. Na wazee, nilishangaa, wanaikubali pia. Wanasema ndiyo, wao waliomtuma walitakiwa wakae naye kwenye kesi, benchi moja.

Lakini kuna kitu alifanya Walker baada ya kuvuliwa cheo, na hiki kimewashinda hata watetezi wake. Alikwenda kwa wazazi wa Lemar, marehemu rafiki yake. Akakaa sebuleni. Mama akauliza kuhusu muuaji wa mwanawe. Walker akawaambia amekwisha kumwua, yule wa uwanjani ndiye. Alijua si kweli. Aliyemwua Lemar alikuwa Karli, na Karli alikuwa bado yuko hai.

Fikiria ritongo lingelipokeaje jambo hilo. Umeua asiye mwenyewe, halafu umeifunga kesi ya marehemu kwa uongo, mbele ya mama yake, ukaondoka umeshukuriwa. Mama yule ataishi akiamini damu imelipwa.

Walker hakupotea. Mwanamke mmoja mwenye fedha na siri nyingi, Valentina, alimpa sare nyeusi na jina jipya, na mwaka 2025 akaonekana kwenye sinema ya Thunderbolts*, mke amemkimbia na mtoto, anachekwa na wenzake, lakini mwisho wa sinema amesimama kwenye jukwaa pamoja na kundi linalotangazwa kuwa Avengers wapya. Kibandani wapo walioshangilia, wapo waliosonya. Steringi hafi, wakasema wa benchi la nyuma, hata akiwa steringi wa bandia. Mimi nilikuwa nangoja kitu kimoja tangu sehemu ile ya 4, na katika sinema yote ile sikukiona: mtu wa kwenda kwa ndugu zake Nico. Hatukuonyeshwa hata kama anao.